Sura ya Nne: Siku ya Arobaini

Boom likiingia asubuhi, chuo kizima kinajua kabla ya saa tatu. Foleni kwa wakala inarefuka, chipsi kuku zinaisha mapema, na waliokopesha wala hawaulizi kama pesa imetoka, wanakuja mlangoni. Kwa msomaji aliyesoma zamani, boom ni fedha ya chakula na malazi itolewayo na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, chombo kilichoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 kiwango chake ni shilingi 10,000 kwa siku badala ya 8,500. Lakini haitoki kwa siku. Inatoka kwa mkupuo wa takribani siku sitini, kwa hiyo kijana wa miaka ishirini ambaye pengine hajawahi kumiliki laki moja kwa wakati mmoja anajikuta ana shilingi 600,000.

Wahenga walimpa mwizi siku arobaini, kisha wakasema atanaswa. Chuoni hesabu imegeuka: siku ya arobaini ndiyo mwizi anayozaliwa. Pesa imekwisha, awamu nyingine bado wiki tatu, na mtu ambaye hajawahi kuiba hata kalamu anaanza kuitazama laptopu ya mwenzake kwa jicho ambalo mwezi uliopita hakuwa nalo.

Maelezo yanayotolewa haraka ni umaskini, na ninayakataa, angalau kwa namna yanavyotolewa. Vyuo vyetu vimejaa watoto wa wakulima wa korosho na mama lishe ambao wanakula mlo mmoja kwa siku na hawagusi cha mtu. Kama umaskini peke yake ungekuwa chanzo, mabweni yasingekalika. Jambo la kuangalia ni mpangilio wa pesa na namna inavyokutana na maisha ya mtaani. Tufanye hesabu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekosa nafasi ya bweni anatafuta geto mitaa ya jirani, Changanyikeni au Msewe. Tuchukulie amepata chumba cha shilingi 80,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele, yaani 480,000, na dalali anachukua ya mwezi mmoja. Jumla 560,000. Katika boom la kwanza anabakiwa na shilingi 40,000 za siku sitini, hajanunua godoro, hajatoa nakala hata moja. Huyo hajacheza na pesa. Amepanga chumba tu.

Upande wa pili kuna aliyecheza. Anabeti. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inamruhusu kwa sababu ametimiza miaka kumi na minane, na mkeka wa shilingi 1,000 unaonekana mdogo mpaka uhesabu mikeka ya wiki nzima. Akifulia, hakimbilii nyumbani, maana nyumbani wanajua serikali imempa pesa. Pengine boom lenyewe limeshatuma ada ya mdogo wake. Anakimbilia mikopo ya mtaani ya kausha damu, au programu ya mikopo ya kwenye simu, ile inayodai ruhusa ya kusoma orodha ya majina yako kabla haijakupa shilingi 30,000. Ukichelewa kulipa, shangazi yako Iringa anapata ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Lilikuwa jambo jema, ila programu za aina hiyo hubadili jina haraka kuliko serikali inavyobadili orodha. Ninachotaka msomaji akione ni hiki: kijana aliyeaibishwa mbele ya ukoo mzima kwa deni dogo yuko tayari kwa kitu ambacho njaa peke yake isingemfanyisha. Aibu ina haraka kuliko njaa.

Hata hivyo, haja haitoshi. Kati ya haja na kitendo kuna mlango, na mlango huo hufunguliwa kwa maneno. Mwaka 1957 wanasosholojia wawili wa Marekani, Gresham Sykes na David Matza, waliandika makala fupi kuhusu vijana wahalifu. Waliona kwamba wengi wa vijana hao hawaikatai sheria hata kidogo. Wanaikubali, wanawaheshimu watu waadilifu, kisha wanajipa ruhusa ya muda. Wakaorodhesha visingizio vitano. Kaa kwenye vimbweta jioni moja usikilize, utavisikia vyote vitano kwa Kiswahili safi. “Mazingira yamenilazimisha.” “Kwani kampuni ya simu itafilisika kwa elfu hamsini?” “Mwenyewe boya, ameacha mlango wazi.” “Maprofesa wenyewe wanauza maksi.” Na cha mwisho, ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachoangusha wengi kwetu: “Nisingeweza kumtosa mshikaji.”

Hicho cha mwisho kinastahili kukaliwa. Maisha ya chuo yanasimama juu ya kubebana. Mwenye bweni anambeba asiye na bweni, wanalala wawili kwenye kitanda cha futi mbili na nusu. Mwenye boom anamlisha aliyekosa mkopo. Anayeelewa takwimu anamfundisha asiyeelewa usiku kucha. Bila utu huo maelfu wasingemaliza shahada. Lakini ni utu huohuo unaosaini karatasi ya mahudhurio kwa niaba ya aliyelala, kisha unaomfanyia jaribio, kisha unaotunza begi bila kuuliza limetoka wapi. Kukataa kunaonekana usaliti. Kijana mpole, asiye na tamaa, mara nyingi huingia kwenye kosa kwa sababu hana lugha ya kumkatalia rafiki, na wakubwa tunaomwambia “achana na makundi mabaya” hatumsaidii, maana kundi lenyewe ndilo lililomlisha muhula uliopita.

Makosa ya kwanza, basi, hayana sura ya uhalifu. Chukua mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi anapangiwa wiki nane kwenye halmashauri, anaripoti wiki mbili, anarudi mjini kutafuta pesa. Ripoti inahitaji saini ya msimamizi na mhuri. Mhuri unachongwa mtaani kwa bei ya sahani chache za wali maharage, hakuna anayepiga simu kuhakiki, na daraja linapatikana. Anayefanya hivyo huiita janja. Kanuni ya Adhabu huiita kughushi, na adhabu yake ya jumla inafika kifungo cha miaka 7. Karibu na kila chuo kuna vibanda vya kutoa nakala ambako utafiti wa shahada unauzwa ukiwa umekamilika, ukibadilisha jina la wilaya tu. Nairobi biashara hiyo imevuka bahari: wasomi vijana wengi, wakiwemo wanafunzi, wanawaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa malipo ya dola. Mwaka 2022 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria inayoharamisha kuuza huduma hiyo kwa wanafunzi wa England. Mwandishi aliyeko Nairobi hatakamatwa kwa sheria hiyo, na sitajifanya namwonea hasira. Ana akili, hana ajira, na mteja wake ni tajiri mvivu. Ila kila usiku anajizoeza kuamini kwamba jina lililoandikwa juu ya karatasi si lazima liwe la aliyeifanya kazi.

Gharama ya kuzoea hivyo nchi yetu iliiona kwa macho. Tarehe 28 Aprili 2017, katika ukumbi wa Chimwaga wa Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa majina ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi baada ya uhakiki uliohusisha Baraza la Mitihani. Wengine walikuwa wamefanya kazi miaka mingi, wana familia, wana mikopo ya nyumba. Kila mmoja aliwahi kuwa kijana aliyeambiwa kwamba kila mtu anafanya.

Teknolojia imefupisha safari kutoka janja hadi jela. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipokazwa na laini zisizosajiliwa kuanza kufungwa Januari 20, 2020, tapeli wa simu anahitaji kitu ambacho hawezi kukitengeneza: kidole cha mtu mwingine. Mwanafunzi anacho, tena ana kitambulisho cha taifa, ana akaunti ya benki, na jina lake halijawahi kufika polisi. Anafuatwa kwa upole. “Nisajilie laini tu, mdogo wangu, yangu imeleta shida.” Au: “Kuna hela itapita kwenye akaunti yako, wewe kata asilimia kumi, nyingine unitolee.” Hajamwibia mtu, hajaandika ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii,” na hata mwathirika hamjui. Mpelelezi akifuatilia muamala, jina analolikuta ni la mwanafunzi. Anayeelekeza mchezo hana jina popote. Kosa linasomwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na “sikujua” ni utetezi mgumu kwa mtu aliyekata asilimia kumi.

Niongeze neno kwa haki ya vijana. Wasomi wanapenda kuamini kwamba utapeli wa mtandao ni kazi ya wasomi. Ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano zimekuwa zikiutaja mkoa wa Rukwa miongoni mwa vinara wa majaribio ya ulaghai kwa simu, na Rukwa haujulikani kwa wingi wa vyuo vikuu. Katika mchezo huu mwanafunzi mara nyingi ni chombo, na mara nyingi zaidi ni mwathirika. Kwa hiyo semina moja ya wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, inayomwonyesha jinsi ya kubonyeza *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na jinsi ya kuupeleka ujumbe wa kitapeli kwenye namba 15040, ina thamani kuliko hotuba tatu za maadili. Imwonyeshe pia sentensi anazopaswa kuzikimbia, neno kwa neno, kama nilivyoziandika hapa. Watu hunaswa na maneno mahususi. Wafundishwe maneno mahususi.

Uhalifu mwingine wa chuoni hauhitaji intaneti wala saikolojia, unahitaji komeo. Mwaka 1986, katika Chuo Kikuu cha Lehigh, jimbo la Pennsylvania, Marekani, binti wa mwaka wa kwanza aitwaye Jeanne Clery aliuawa chumbani kwake bwenini. Muuaji alikuwa mwanafunzi wa chuo hichohicho. Alipita milango mitatu iliyotakiwa kujifunga yenyewe. Wanafunzi walikuwa wameiegemezea maboksi ya piza ili wenzao waingie na kutoka bila kusumbuka na funguo. Wazazi wake wakaja kugundua kwamba katika miaka mitatu kabla ya hapo kulikuwa na matukio 38 ya uhalifu wa kutumia nguvu chuoni hapo, na hakuna mzazi aliyekuwa ameambiwa. Walipigania mpaka mwaka 1990 ikapitishwa sheria, sasa inaitwa kwa jina la binti yao, inayovilazimisha vyuo vya Marekani kuchapisha takwimu zao za uhalifu kila mwaka.

Nimeileta habari hii ya mbali kwa sababu milango ile ninaijua. Kila bweni letu lina mlango wa nyuma uliowekewa jiwe, dirisha la chooni lenye nondo iliyopinda, mlinzi mmoja mwenye rungu na redio anayelinda geti la mbele ambalo mwizi hana sababu ya kulipitia. Na mwizi wa bweni aghalabu anakaa humohumo. Anajua nani yuko kwenye mtihani, nani amesafiri, ufunguo unafichwa wapi. Mwaka 1979 Lawrence Cohen na Marcus Felson walieleza kwamba uhalifu hutokea pale vitu vitatu vinapokutana mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu aliye tayari, kitu cha kuibiwa, na kukosekana kwa wa kukilinda. La kwanza ni gumu kulirekebisha, linachukua kizazi. La pili na la tatu yanarekebishwa kwa fundi na bajeti ya mwezi mmoja. Makabati yenye kufuli, namba ya laptopu ikiandikwa kwenye daftari la bweni siku ya kupokelewa, taa kwenye njia ya maktaba inayowaka hata wiki ya mitihani ikipita. Mimi ningempa kazi ya kuhesabu taa zilizokufa kiongozi wa serikali ya wanafunzi, kila Jumatatu, na orodha yake ibandikwe mlangoni kwa mshauri wa wanafunzi mpaka taa ziwashwe.

Majengo pia ni kinga, kuliko tunavyokubali. Aprili 2017 zilifunguliwa hosteli mpya Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, majengo 20 kwa wanafunzi 3,840, kwa gharama iliyotajwa kuwa shilingi bilioni 10. Siasa za hosteli zile zilizungumzwa sana. Lisilozungumzwa ni kwamba kila kitanda kilichomo kilimwondoa mtu mmoja Changanyikeni saa tano usiku, kikamwondolea hesabu ya kodi ya miezi sita niliyoifanya hapo juu, na kwa binti kikaondoa kitu kingine: kumtegemea “mjomba” anayelipa geto.

Hapo tumefika kwenye uhalifu ambao wanafunzi hawaufanyi, wanafanyiwa. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya mwaka 2007, kinamhusu mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe haki au upendeleo. Mhadhiri anayetumia daraja kama chambo anaangukia humo moja kwa moja. Nimeliweka jambo hili katika sura ya uhalifu wa wanafunzi kwa makusudi. Kumbuka kisingizio cha nne, “maprofesa wenyewe.” Chuo kinachomhamishia mhadhiri wa namna hiyo idara nyingine kimyakimya kimeshawafundisha wanafunzi wake elfu kadhaa kwamba kanuni ni kwa wadogo. Baada ya hapo chuo hicho kinapomfukuza kijana kwa kuingia na karatasi kwenye mtihani, kijana anaona bahati mbaya, haoni haki.

Tuseme sasa juu ya adhabu, maana mjadala wa kuzuia uhalifu kwetu huishia hapo, “wafungwe wawe fundisho.” Sheria yetu tayari ni kali kuliko wanafunzi wengi wanavyofikiri. Unyang'anyi wa kutumia silaha, kwa kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, una kifungo kisichopungua miaka 30, na silaha si lazima iwe bunduki. Kisu cha jikoni kilichoonyeshwa wakati wa kupora simu kinatosha. Kijana wa miaka 21 akitumikia yote atatoka na miaka 51. Nimewahi kuuliza madarasa mbalimbali adhabu hiyo ni miaka mingapi, na majibu huanzia miwili. Ukali usiojulikana haumzuii mtu. Isitoshe, anayetenda akiwa na uhakika hatakamatwa hapimi urefu wa kifungo. Kinachomzuia ni kuona kwamba wizi wa juzi umefuatiliwa, mwizi amejulikana, na laptopu imerudi.

Kwa waliokosea kidogo, ningeomba subira, na subira hii ina msingi. Mwanasaikolojia Terrie Moffitt, aliyefanya kazi na utafiti unaowafuatilia watu 1,037 waliozaliwa mjini Dunedin, New Zealand, mwaka 1972 na 1973, alieleza mwaka 1993 kwamba wavunja sheria vijana ni wa aina mbili: wachache sana walioanza utotoni na watakaoendelea, na wengi mno waliochovya ujanani tu, ambao huacha wenyewe wakipata kazi, mwenza, majukumu. Ila wanaweza kunasa. Rekodi ya jela, kudisko mwaka wa tatu, mimba isiyo na msaada, unga. Chochote kinachomfungia mlango wa kurudi humfanya wa muda awe wa kudumu. Ndiyo maana Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayoruhusu kazi za kijamii badala ya kifungo kwa makosa yenye adhabu isiyozidi miaka mitatu, ingefaa ijulikane kwa washauri wa wanafunzi na si kwa mahakimu peke yao. Kijana aliyeiba simu afagie zahanati ya kata miezi mitatu, wenzake wakimwona, huku akiendelea na masomo.

Bodi ya Mikopo nayo ina sehemu yake, na ni rahisi kuliko zote: boom lilelile, bila kuongeza hata senti, litoke kila baada ya wiki mbili kwenye simu, na fedha ya malazi ilipe kodi moja kwa moja kwa anayetaka hivyo. Serikali inayowalipa watumishi wake wote kwa mwezi haiwezi kusema haina mfumo. Wanafunzi wengine watapinga, watasema ni watu wazima. Basi iwe hiari. Mwanafunzi achague siku ya kusaini, mkupuo au mafungu.

Na taarifa. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania hutoa mwongozo wa udahili, kitabu kinene chenye jina la kila programu, sifa za kujiunga, muda wa masomo na idadi ya nafasi. Mzazi wa Tunduru anaweza kukisoma chote asijue kama bweni anakompeleka binti yake lina komeo. Ukurasa mmoja kwa kila chuo ungetosha: vyumba vilivyovunjwa, vitu vilivyoibwa na vilivyorudishwa, malalamiko ya rushwa ya ngono yaliyopokelewa na yaliyoamuliwa, siku ambazo boom lilichelewa. Chuo cha kwanza kuchapisha ukurasa wa namna hiyo kwa hiari yake kitaonekana kichafu kuliko vingine vyote, na kitapoteza waombaji kwa ajili ya ukweli wake. Kwa hiyo agizo litoke Tume, na vyuo vyote vichapishe siku moja.